Kabla hujalipa kodi ya chumba au fremu, omba meseji za LUKU

Mjasiriamali mwenzangu, umepata chumba Lufingo, kodi elfu 30 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Unauza mtindi kwa WhatsApp, boda anapeleka Tukuyu mjini. Bei poa, si ndiyo? Subiri kwanza. Umeuliza umeme?

Uingereza, mtu akitaka kuuza au kupangisha nyumba lazima awe na cheti kinachoonyesha nyumba inakula nishati kiasi gani. Daraja A ni nzuri kabisa, G ndiyo mbaya, na cheti kinadumu miaka 10. Mpangaji anajua gharama kabla hajatoa hela.

Sisi huku hatuletewi cheti. Lakini kuna kitu karibu na hicho, kipo kwenye simu ya mwenye nyumba: meseji za tokeni. Mwombe za miezi mitatu iliyopita, kisha angalia haya.

1. Uniti moja ni shilingi ngapi?
Kwa bei za EWURA za 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi (D1) analipa kama sh. 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Wa kawaida (T1) analipa kama sh. 356. Ya elfu 5 inakupa uniti kama 41 kwa D1, lakini 14 tu kwa T1.

Sasa piga hesabu. Friza lako likila uniti 2 kwa siku, kwa mwezi ni 60. Kwa D1 ni sh. 7,320. Kwa T1 ni sh. 21,360. Tofauti ni sh. 14,040 kila mwezi. Kwa miezi sita ni zaidi ya elfu 84, na hapo hujachemsha maziwa kwa jiko la umeme. Kile chumba cha elfu 30 kimeshakuwa cha elfu 44!

2. Mita ni yako peke yako?
Mkichangia mita wapangaji wanne, uniti 75 zinaisha mapema, na D1 ikizidi hapo, kila uniti ya ziada inakuja kwa bei kubwa. Halafu ugomvi: "wewe una friza, changia zaidi." Kubalianeni kabla, au weka mita ndogo ya kupimia ya kwako.

3. Kuna deni?
Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Kwa nyumba ya kawaida ni sh. 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Chumba kikikaa tupu miezi sita bila mtu kununua umeme, wewe wa kwanza kununua unakutana na sh. 9,000. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mwambie mapema akukatie kwenye pango.

4. Uniti chache kupita kiasi?
Aliyekuwepo alikuwa na friza na jiko la umeme lakini kwa mwezi alinunua uniti 10 tu? Ogopa. Mita inaweza kuwa imechezewa, na wakija kukagua watakukuta wewe ndani.

Na wewe unayetangaza vyumba mtandaoni, hii ni mtaji. Usiishie kuandika "umeme upo". Andika: "Mita inajitegemea, haina deni, aliyekuwepo alitumia uniti 40 kwa mwezi." Ficha namba ya mita na tokeni, weka picha ya meseji. Mteja anayekutafuta hapo anakuja akiwa ameshajua, hakusumbui kwa maswali ishirini.

Mwenye nyumba akikataa kuonyesha hata meseji moja, usibishane naye. Nunua umeme wa elfu 2 kwenye mita hiyo kabla ya kulipa kodi, usome kilichokatwa. Bora upoteze elfu 2 kuliko kodi ya miezi sita.

Mtumie mwenzako anayetafuta chumba wiki hii.