Kwa Nini Tuwasome Waarabu kwa Kiingereza?

Ndugu zangu, hapa kwetu Jomvu Kuu mtoto huanza alifu na bee chuoni akiwa bado mdogo sana. Akikua anasoma Kiarabu kwa sauti nzuri. Lakini muulize amemsoma mwandishi gani wa Kiarabu wa zama hizi, atanyamaza. Kiarabu tumekiacha msikitini.

Nichukue mfano unaotugusa. Mwaka 2010 Bi Jokha Alharthi wa Oman alitoa riwaya iitwayo Sayyidat al-Qamar, yaani Mabibi wa Mwezi. Ni habari za ndugu watatu wa kike: Mayya, Asma na Khawla. Ndani yake yumo Zarifa, aliyezaliwa utumwani akamlea mtoto wa bwana wake. Oman ilipiga marufuku utumwa mwaka 1970, na wazee wetu wengi walikuwa wameshazaliwa. Watu wangapi walivushwa kwa majahazi kutoka mwambao huu? Kwa hivyo habari hiyo ni yetu pia, na Muomani mwenyewe ameisema bila kuificha.

Marilyn Booth alikifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza, na mwaka 2019 kikashinda tuzo ya Man Booker International, cha kwanza kutoka lugha ya Kiarabu. Pauni 50,000 ziligawanywa nusu kwa nusu, mwandishi na mfasiri. Wenzetu wanajua thamani ya mfasiri.

Mimi nilikisoma kwa Kiingereza, na hilo ndilo linaloniuma. Kiswahili kiko karibu zaidi na Kiarabu: baraka, dhuluma, nasibu, hata neno lenyewe riwaya, yote tunayo. Ila ukaribu huo una mitego. Mama wa Kiarabu akimwita mwanawe "ghali", anamaanisha kipenzi. Ukiandika "mwanangu ghali", msomaji wa Changamwe atadhani mtoto anauzwa! Mfasiri ni yule anayejua lugha zote mbili kwa undani, si mwenye kamusi tu.

Na kazi hii si ngeni kwetu. Sayyid Aidarus wa Pate aliifasiri Hamziyya ya al-Busiri wa Misri karne nyingi zilizopita. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitoa tafsiri ya Qurani nzima mwaka 1969. Juzi tu, mwaka 2022, Ida Hadjivayanis ameifasiri Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi, akitoka kwenye Kiingereza.

Vijana wetu wanarudi na shahada kutoka vyuo vikuu vya Uarabuni, na wengine wamefanya kazi Ghuba miaka na miaka. Kiarabu wanacho, Kiswahili ni cha mama zao. Basi tuanze na hadithi fupi moja, tuombe idhini ya mwenyewe, tuifasiri, tuisome pamoja barazani baada ya Isha. Tukingoja Waingereza watufasirie, tutakuwa tunasikia habari za jirani kupitia kwa mgeni.