Mashine ya kufulia iliyozeeka inapovuja: Namna ya kutafuta chanzo kabla ya kulaumu dira

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Dimbwi dogo la maji chini ya mashine ya kufulia ni jambo ambalo kaya nyingi hulizoea kabla ya kulitafutia ufumbuzi. Hutandikwa kitambaa, huwekwa beseni, na siku hupita. Mwisho wa mwezi ankara inapopanda, lawama ya kwanza huelekezwa kwenye dira ya maji, ilhali maji hayo huenda yamepita kwenye dira hiyo kihalali na kupotelea ndani ya nyumba.

Hesabu yake ni nyepesi. Uvujaji unaojaza chupa ya lita 1 kwa dakika 10 hupoteza lita 6 kwa saa, yaani lita 144 kwa siku. Hizo ni ndoo saba za lita 20. Kwa siku 30 zinafika lita 4,320, ambazo ni zaidi ya uniti nne, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Kaya hulipia maji hayo bila kufua hata shuka moja.

Kwa Jiji la Mwanza hasara hiyo haiishii kwa mteja. Maji yanayosambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA) huchotwa Ziwa Victoria, hutibiwa, kisha husukumwa kwa pampu za umeme hadi kwenye matangi yaliyo vilimani. Chanzo cha Capripoint kina uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na chanzo cha Butimba lita milioni 48. Kila lita inayovuja imekwishagharimu dawa na umeme, na ingeweza kumfikia jirani anayesubiri zamu ya mgawo.

Mazingira ya Mwanza na mashine kuukuu

Mji wa vilima una msukumo wa maji usiolingana. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na bomba huongeza msukumo wa takribani baa 1. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi inaweza kupata takribani baa 6 wakati watumiaji ni wachache, hususan usiku. Mpira wa kuingiza maji ulio mpya huhimili msukumo huo, lakini uliokauka na kupata nyufa unaweza kupasuka familia ikiwa imelala. Kwa sababu hiyo, koki ya mashine inapaswa kufungwa kila baada ya kufua.

Kwa upande mwingine, nyumba zinazotegemea tangi la akiba lililoinuliwa mita tatu tu hupata msukumo wa takribani baa 0.3. Vali nyingi za mashine huhitaji msukumo wa maji ili zijifunge sawasawa. Msukumo ukiwa hafifu, au mchanga na kutu vikiingia baada ya mgawo, vali inaweza kubaki wazi kidogo na kuruhusu maji kuingia polepole hata mashine ikiwa imezimwa.

Jambo la tatu ni sabuni. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana chokaa kidogo, hivyo hutoa povu kwa urahisi. Sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia kwa mikono, ikiwekwa kwa kipimo cha mazoea, huzalisha povu linalopanda hadi kwenye droo ya sabuni na kutokea nje. Mashine hiyo huonekana kuvuja ilhali haina ubovu wowote.

Anza na usalama

Maji na umeme havipatani. Kabla ya kugusa mashine iliyosimama kwenye maji, zima swichi, na ikiwa swichi hiyo ipo ndani ya eneo lenye maji, kata umeme kwenye swichi kuu. Kisha chomoa plagi, funga koki na kausha sakafu. Ukaguzi ulioelezwa hapa ni wa kutazama kwa nje, kuhusisha matukio na kubadili vitu vyepesi. Kufungua mashine na kugusa nyaya ni kazi ya fundi, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya ndani hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Uliza dira kwanza

Hatua ya kwanza ni kujua kama uvujaji uko kwenye mashine pekee. Funga koki zote za nyumba, zuia maji yasiingie kwenye tangi la akiba, kisha andika namba zote za dira pamoja na zile za sehemu ndogo. Subiri saa moja bila kutumia maji. Namba zikisogea, kuna maji yanayopotea kati ya dira na koki za ndani, na mashine siyo mtuhumiwa pekee. Kagua pia tangi la choo, ambalo boya lake likichoka maji hutiririka kimyakimya.

Ikiwa mashine hupata maji kutoka kwenye tangi la akiba, dira haitaonesha uvujaji wake mara moja. Weka alama kwenye kimo cha maji ndani ya tangi hilo usiku, funga maji yanayoingia, na uache koki ya mashine pekee ikiwa wazi. Asubuhi, kimo kikiwa kimeshuka, chunguza mashine pamoja na bomba linaloiendea.

Fuata hatua za kufua

Dimbwi linapoonekana sipo lazima ndipo maji yanapotokea, kwa kuwa maji hufuata mteremko wa sakafu. Tandika magazeti makavu chini na kuzunguka mashine, kisha endesha mzunguko mmoja huku ukiangalia ni karatasi ipi inalowa kwanza na ni wakati gani. Wakati huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote.

Maji yakitokea mashine inapojaza, kagua mpira wa kuingiza maji, washa zake na droo ya sabuni. Kwa mashine inayojaa maji ikiwa imechomolewa umeme, vali ndiyo yenye hitilafu.

Yakitokea wakati wa kufua, kagua mpira wa mlango. Ufute mikunjo yake, utafute nywele, sarafu au mpasuko. Povu likionekana, rudia mzunguko bila nguo wala sabuni, na uvujaji ukikoma, punguza kipimo cha sabuni au tumia ya mashine.

Yakitokea mashine inapomwaga maji, kagua chujio la pampu lililo chini upande wa mbele, baada ya kuweka beseni na kuhakikisha maji yamepoa. Kagua pia mpira wa kutolea maji. Bomba la majitaka lililoziba huweza kurudisha maji sakafuni na mashine ikabebeshwa kosa lisilo lake.

Yakitokea wakati wa kukamua, yakidondoka katikati ya pipa na kuacha doa la kutu huku mashine ikinguruma, beringi na sili yake vimechakaa. Matengenezo haya ni makubwa. Omba makadirio ya gharama kabla ya kukubali, kwani kwa mashine iliyozeeka yanaweza kuzidi thamani yake.

Kwa mashine zinazofua na kukausha kwa pamoja, ipo hatua moja ambayo wengi hawaifikirii. Nyingi kati yake hutumia maji baridi kupoza mvuke unaotoka kwenye nguo, ili ugeuke maji na kumwagwa. Hivyo mashine huendelea kuvuta maji hata inapokausha. Uvujaji unaotokea katika hatua hiyo pekee huashiria mpira wa maji ya kupoza, njia iliyozibwa na manyoya ya nguo, au mpira wa mlango unaopitisha mvuke ambao hugeuka maji nje.

Wajibu wa nani?

Kwa utaratibu wa huduma ya maji nchini, miundombinu iliyo kabla ya dira ni wajibu wa mamlaka, na mfumo ulio baada ya dira ni wajibu wa mteja. Mwananchi anayeona bomba limepasuka barabarani au maji yakitoka kabla ya dira atoe taarifa MWAUWASA bila kuchelewa. Aliyejiridhisha kuwa hana uvujaji wa ndani na bado anaitilia shaka ankara, awasilishe malalamiko kwa mamlaka hiyo akiwa na namba za dira alizoandika pamoja na tarehe na saa. Asiporidhika na majibu, anaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Wananchi wanakumbushwa kuwa kuvunja sakafu, kubadili dira au kununua mashine mpya siyo hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni saa moja ya kusoma dira na mzunguko mmoja wa kufua ukiwa umetandika magazeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ni lazima kwanza uujue ufa ulipo.