Kupika edung mahindi yakiisha

Mgao wa chakula ulipokatwa kambini Kakuma mwaka 2025, akina mama walituuliza: tupike nini bila mahindi? Edung ipo porini, wazee wa Turkana wanaijua. Lakini jamani, haitaki haraka! Mbegu zake ni chungu, na zisipoiva vizuri zinadhuru, hasa watoto. Chemsha, mwaga maji, tia mengine, chemsha tena, hata kutwa nzima, mpaka uchungu uishe kabisa. Kisha changanya na samli. Sisi huongeza samaki mkavu wa Kalokol, tukishamtoa miiba, na majani ya kunde, tukafunika sufuria juu ya makaa machache. Shida ni maji: anayeteka mbali hutamani kumwaga mara mbili tu. Maji yakiwa haba, usiipike siku hiyo.