KREDITI ZA NJE YA DARASA NA CHETI CHA MAABARA NCHINI MAREKANI

Watumishi wa maabara za afya, pamoja na wakaazi wenye jamaa walioko Marekani, wanafahamishwa kwamba krediti za chuo zipatikanazo bila ya kuhudhuria darasani zinaweza kumsaidia mtu kutimiza masharti ya cheti cha maabara nchini humo. Msaada huo, hata hivyo, una mipaka yake, na asiyeifahamu huweza kupoteza fedha na wakati.

Cheti chenyewe ni kile cha mwanasayansi wa maabara ya tiba, kitolewacho na Bodi ya Vyeti ya jumuiya ya patholojia ya kliniki ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kuwa ASCP. Zipo njia kadhaa za kukifikia. Kwa aliyekwisha kufanya kazi maabara, hutakiwa shahada ya kwanza, krediti 16 za kemia, krediti 16 za biolojia, na uzoefu wa kazi uliothibitishwa. Ndani ya kemia lazima liwemo somo la kemia ya kaboni au baiokemia, na ndani ya biolojia somo la mikrobiolojia.

Hapo ndipo baadhi ya waombaji hupungukiwa. Mtu huweza kuwa na shahada kamili, lakini masomo yake ya sayansi yakawa machache kuliko yatakiwayo. Njia mojawapo ya kupunguza upungufu huo ni mitihani ya CLEP ya College Board, iliyoanza mwaka 1967, ambayo alama zake ni baina ya 20 na 80. Baraza la elimu la Marekani, ACE, hupendekeza krediti 6 kwa apataye alama 50 katika biolojia, na 6 nyingine kwa kemia.

Inafaa ieleweke, kwanza, kwamba ACE hupendekeza tu. Mwenye kutoa krediti ni chuo. Bodi huangalia transkripti rasmi ya chuo chenye ithibati, na hati ya matokeo ya CLEP peke yake haitoshi. Pili, krediti 6 hazifikii 16. Kumi zilizobaki hutafutwa kwingine, na mtihani wa biolojia ya jumla haushiki nafasi ya somo la mikrobiolojia. Tatu, krediti hazichukui nafasi ya uzoefu. Kuotesha vimelea na kuoanisha damu ya mgonjwa na ya mtoaji ni kazi za mkono na jicho, na kosa moja katika kuoanisha damu laweza kumwua mgonjwa.

Aidha, aliyesoma nje ya Marekani hutakiwa hati zake zifanyiwe tathmini na wakala anayekubaliwa na Bodi. Mwombaji akishakubaliwa, hufanya mtihani wa maswali 100 kwa muda wa saa mbili na nusu, na alama ya chini ya kufaulu ni 400.

Hivyo basi, kila akusudiaye kufuata njia hii anashauriwa, kabla ya kulipa ada yoyote, apate jibu la maandishi kutoka chuoni kwamba krediti hizo zitaandikwa katika transkripti yake. Vilevile asome masharti ya Bodi ya mwaka anaoomba, kwani masharti hayo hubadilika.