Sheria za Taa na Umeme Unaookolewa Kweli

Balbu ya waya wa tungsteni hugeuza takriban asilimia 5 tu ya umeme wake kuwa mwanga. Uliobaki wote huwa joto. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulianza kuiondoa sokoni Septemba 2009, kwanza zile za wati 100, kisha 75, kisha 60, hadi zilizo ndogo zikafikiwa 2012. Hesabu ya kwenye pakiti haina utata. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 3 kila siku hula karibu uniti 66 kwa mwaka. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga uleule, hula uniti 10.

Majira ya baridi ya Finland huipunguza hesabu hiyo. Huko joto la balbu halikuwa hasara tupu, kwani lilisaidia kupasha chumba moto, na likikosekana hita hufidia. Nyumba inayopashwa moto kwa umeme hupoteza sehemu kubwa ya akiba yake miezi hiyo. Penye kiyoyozi, kama Mombasa, ni kinyume: kila balbu inayoondolewa hukipunguzia mzigo nacho.

Pingamizi zito zaidi ni la kale. Mwaka 1865 William Stanley Jevons aliona kuwa injini bora za mvuke ziliifanya Uingereza ichome makaa mengi zaidi. Je, mwanga wa bei nafuu hautawashwa ovyo? Ndani ya nyumba hofu hiyo haina mashiko, maana taa ya wati 9 ingebidi iwake saa 20 kwa siku ndipo imalize akiba yote. Nje ndiko kwenye tatizo. Vipimo vya setilaiti vya 2012 hadi 2016 vilionyesha eneo linalomulikwa usiku duniani likipanuka kwa takriban asilimia 2.2 kila mwaka, na sheria inayopima ubora wa balbu haihesabu ni taa ngapi zimewashwa.

Tena, si akiba yote ni ya sheria. Mwanzoni wanunuzi wengi walichukua halojeni ya wati 42 badala ya balbu ya 60, yenye nafuu ya asilimia 30 tu, nayo ikavumiliwa hadi Septemba 2018. Wakati huo LED zilikuwa zikishuka bei kwa kasi, na wengi wangezinunua hata bila marufuku. Sheria inastahili sifa kwa miaka iliyoyaharakisha mabadiliko hayo, hasa katika nyumba za kupanga ambako mwenye nyumba hununua taa na mpangaji hulipa umeme.