Je, Kila Mtu Aruhusiwe Kuhamisha Picha kwa Mkupuo?

Leo nataka kueleza jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Lamu, nalo ni picha za mtandaoni.

Iko ghala kubwa ya picha iitwayo Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004. Picha zake hutumiwa na yeyote bila malipo, hata katika Wikipedia ya Kiswahili. Uko pia mtandao wa Flickr, ambako wasafiri wengi huweka picha zao. Sasa, ipo programu ya kuzitoa picha Flickr na kuziingiza ghalani, si moja moja bali kwa mkupuo. Ilipoanza haikupewa kila mtu, walipewa wachache wanaoaminika. Je, ifunguliwe kwa wote?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini visiwa vyetu si mji mmoja tu. Iko ngome ya Siyu, yako magofu ya Pate na Shanga, na Takwa kule Manda. Wageni hupenda punda na majahazi. Hayo mengine nani atayakusanya? Mikono mingi kazi haba.

Lakini ngoja kwanza! Mwenye picha ndiye anayechagua leseni, na akikataza biashara, Commons haiipokei. Leseni hukaguliwa na roboti. Shida ni kwamba roboti haijui kama aliyeiweka picha ndiye aliyeipiga au ameiiba. Hapo lazima jicho la mtu. Mtu akimwaga picha mia tano kwa mara moja, zitakaguliwa lini?

Tena kuna heshima. Mgeni mmoja alimpiga picha bibi yangu akishona kofia mlangoni kwetu, wala hakumuuliza. Leseni ni ya mpiga picha, lakini uso ni wa bibi.

Kwa maoni yangu, ifunguliwe hatua kwa hatua. Mtu aanze na picha chache, zikionekana safi aongezewe. Hata jahazini, hakuna apewaye usukani siku ya kwanza. Kwanza hufua maji. Haraka haraka haina baraka.