Kompyuta Iliyosahau Kuamka

Kompyuta ya mezani huweza kuwashwa, feni yake ikazunguka, na huku kiwambo kimebaki cheusi. Wengi hudhani ubao mama umeungua, wakautupa. Kumbe mara nyingine ubao ni mzima. Kilichoharibika ni maandishi tu.

Prosesa ipatapo umeme huanza kwa kusoma maagizo yaliyohifadhiwa katika chipu ndogo ya ubao huo. Maagizo hayo hukagua kumbukumbu, hutafuta diski, kisha huukabidhi kazi mfumo endeshi. Umeme ukikatika wakati yanapoandikwa upya, prosesa hukosa pa kuanzia. Tarehe 26 Aprili 1999, kirusi CIH, kilichotungwa Taiwan mwaka 1998, kiliyaharibu maagizo hayo katika kompyuta nyingi.

Tiba ni mbili. Katika aina nyingi za ubao mama limo fungu dogo la maagizo lililokingwa lisifutwe. Fungu hilo husoma nakala kamili kutoka katika kifaa cha USB, kama lilivyosoma disketi zamani. Nalo likiharibika, fundi huchomoa umeme, huibana miguu 8 ya chipu kwa kibanio, na kuiandika chipu kwa chombo cha nje. Kwanza huhakikisha volti, kwani chipu ya volti 1.8 ikipewa volti 3.3 yaweza kuungua. Kisha hunakili yaliyomo, maana huenda zimo namba za utambulisho wa mashine. Akisha kuandika, huisoma chipu tena na kuilinganisha na nakala.

Basi shule yenye kompyuta iliyonyamaza isifanye haraka kuitupa: pengine imesahau neno la kwanza tu.